Ukili Uliopinda

Mkwe wangu ameniletea mswala wa dukani kutoka Kilindoni, laini, umenyooka kila uzi. Niliposujudu juu yake mara ya kwanza, nikaikumbuka harufu ya pepeta.

Alasiri moja ya utoto wangu, nyumbani kwetu Miburani, mpunga mchanga ulikaangwa chunguni na mama akautwanga ungali moto. Mimi nilikaa ubavuni mwa bibi nikimalizia kusuka ukili wangu wa kwanza, ule utepe wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Bibi alikuwa karibu kumaliza kushona mswala wake, na ukindu wa rangi aliuhifadhi katika kopo la bati lenye picha ya Kingi, mfalme wa Waingereza.

Jirani yetu, Bi Mwanakombo, alikuja na nazi iliyokunwa. Akaushika ukili wangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ukili gani huu? Umezunguka Ras Kisimani ukarudi!"

Machozi yakanilengalenga. Bibi hakucheka. Aliuchukua, akaushona kwenye mswala wake, upande wa kibla.

"Umepinda, lakini umekwisha," akasema. "Haya, kale pepeta, mjukuu wangu."

Pepeta ilikuwa na nazi na sukari, lakini siku ile niliisukuma kando. Adhana ilipolia nikamwona bibi anasujudu, paji la uso limetua juu ya ukili wangu. Nikaamini anauficha, watu wasiuone. Na kila sala aliuficha vivyo hivyo, hata akiwa peke yake, hata mswala ulipochakaa kwingine kote.

Huu wa dukani hauna kosa. Lakini kila nikisujudu, paji langu linatafuta palipopinda.