Doa Jekundu Ndani ya Jicho la Mama

Mama aliyenioa alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Kwetu Tarime mwanamke wa namna hiyo hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo, baba awe nani, huwa wa nyumba yake. Ndivyo nilivyofika kwake, akaniita mkamwana kama mke wa mwanawe, miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado anatutoza kodi ya kichwa. Nilikuwa na mimba ya kwanza.

Asubuhi moja, akikamua, jicho lake la kulia lilizimika ghafla, bila maumivu yoyote. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliposikia hakuuliza mara mbili. Alinikuta jikoni, akanipiga rungu begani, akanikanyaga mgongoni huku akiniita mchawi. Nilimng'ata mguu mpaka nikaonja damu. Mtu yule alikuwa anamezea mate ng'ombe wetu awarithi, na tumbo langu ndilo lililomzibia njia.

Mama alituamuru twende wote watatu hospitali ya misheni, shemeji naye asikie. Daktari Mzungu alichungulia ndani ya jicho kwa taa ndogo, kisha akachora alichokiona kwa penseli za rangi: duara lililopauka kama maziwa yaliyoganda, na katikati doa jekundu.

"Mshipa wa damu umeziba," alisema. "Nyama ya ndani imekosa damu, ndiyo maana imekuwa nyeupe. Jicho hili halitaona tena."

Mama aliomba apewe ile karatasi.

Tulipofika nyumbani, shemeji aliinyakua akawaonyesha majirani. "Tone lenyewe hili hapa! Damu mchawi huyu aliyomtilia jichoni!"

Nilipiga kelele kwamba daktari amesema ni mshipa. Nani alinisikia? Jiwe lilinipasua paji la uso. Wanaume wawili walinikamata mikono, mwingine akaenda kukata fimbo. Nilijua nitauawa pale pale, mimi na mtoto tumboni.

Mama akasema, "Nileteeni panga."

Walimletea wakicheka. Alikuja mpaka niliposhikwa, akampiga mmoja mkononi kwa ubapa, akanitia mpini kiganjani.

"Huyu ni mkamwana wangu, nimemtolea ng'ombe," alisema. "Jicho ni langu, na sijamlalamikia mtu. Mkamwana, atakayekugusa, kata."

Walionishika waliniachia. Shemeji hakuamini, alinyoosha mkono anikamate nywele. Nilikata. Vidole vyake viwili vilianguka mbele ya zizi, na mpaka leo sijavionea huruma.