Fundo Lililopitia Mlango wa Jikoni

Mke wa fundi cherehani amesomea mitandao. Si ile ya simu. Hilo ameshachoka kulieleza. Alichunguza jinsi protini zinavyoshikana ndani ya seli ya hamira: nyingi zina jamaa wawili watatu, chache zina jamaa kila pembe. Ondoa moja katika zile nyingi, hamira huendelea na shughuli zake kama vile jirani kahama. Ondoa moja katika zile chache, mara nyingi hamira hufa. Ukweni waliupokea usomi huo kwa heshima. Mama mkwe alisema tu, "Miaka yote hiyo ya hamira, na mkate wake bado unafaa kujengea ukuta."

Siku hizi yuko idara ya afya, anachora watu. Kifaduro kilikuwa kimeingia mjini. Watu wazima walikohoa wakilaumu vumbi. Wachanga walishindwa kuvuta pumzi, na mmoja alikuwa ameshazikwa. Kwenye ubao wake kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa kifungo cha shati, kila mgeni aliyeingia humo alikuwa uzi. Vifungo na nyuzi alikopa kwa mumewe. Nyuzi hazikukutana popote.

Asubuhi hiyo alirudi kumhoji mama wa mgonjwa wa karibuni.

"Kweli hakuja mtu?"

"Nimeshakwambia, hakuja mtu. Nilikuwa na mama tu, ananioshea mtoto."

"Mama yako mzazi?"

"Mzazi wangu yuko mbali. Mama mkwe wako. Kwani naye anahesabiwa?"

Hakuwa amehesabiwa kokote. Kila nyumba ilitaja waliokaa sebuleni. Yeye, muoshaji wa wachanga wa mtaa mzima, alipitia mlango wa jikoni, akakunja mikono ya gauni, akaosha mtoto, akaondoka. Hata mchoraji mwenyewe, aliyekuwa akimsikia akikohoa ng'ambo ya meza ya chakula, alikuwa amemsogezea maji tu.

Ndipo akakumbuka kwamba wifi yake alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile ile, na mtoto mchanga na mshono wa upasuaji. Alipiga simu kwa mama mkwe. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena huku anakimbia.

Aliingia kwa wifi yake bila hodi. Beseni lilikuwa mezani, maji yakitoa mvuke. Mlango wa jikoni ulikuwa unafunguka.

"Mama, usiingie."

Mama mkwe alisimama kizingitini, mkono mmoja wa gauni umekunjwa. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Hicho kikohozi chako ndicho kifaduro. Nyumba zote zenye wagonjwa, wewe ndiye uliyewaosha watoto."

"Hiki ni kikohozi cha vumbi." Akageukia kitandani. "Mwanangu, unamsikia mke wa kaka yako? Ananifukuza kwako."

Wifi mtu alimkumbatia mwanawe, asijue amtazame nani.

"Nakufungia nje, mama. Ukimaliza dawa nitakayokuletea, mshike mjukuu wako mpaka mikono ikuume."

"Na wewe mbona umo ndani?"

"Sisi wa idara tumeshakunywa ya kinga."

Bibi alifungua kinywa kujibu. Kikohozi kilimtangulia: kikamkunja, kikamkata pumzi, kikamwachia mluzi mwembamba kooni. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa machozi. Alimtazama mjukuu kwa mbali. Kisha akarudi nyuma mwenyewe, akauvuta mlango.

Maji yalikuwa yanapoa.

"Mimi siwezi kuinama," wifi alisema. "Unajua kuosha?"

Hakujua. Alimpokea mtoto kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya kuazima. Kioo cha dirisha kikagongwa kwa pete. Bibi alikuwa nje, khanga imefunika pua na mdomo, sauti ikipenya kioo bila shida.

"Pima maji kwa kiwiko, msomi. Shingo kwanza. Shika shingo. Huyo si hamira."