Siku Mama Alipotaja Udongo

Juzi sokoni Garsen, nikichagua ndizi, nilimsikia mwuzaji akivunja kitu kwa magego: kru, kru. Udongo. Alikuwa mjamzito, na kipande kingine amekishika kama biskuti. Mate yalinijaa mdomoni, kisha uso ukaniwaka. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi.

Nilipokuwa mdogo tulikaa kijijini, mbele kidogo ya Garsen, karibu na machimbo ambako malori yalichota changarawe ya barabara. Kwenye ukuta wa shimo palikuwa na tabaka jeupe, gumu kama chokaa, na ndani ya nyufa zake vumbi la manjano lililoganda vidoleni kama bizari. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Jioni alishuka shimoni na kisu kikuukuu, akarudi na vipande vyeupe ndani ya pindo la leso. Alivikausha kwa moshi wa jikoni hadi vikanukia mvua ya kwanza. Akila, alinipa mgongo.

"Hamara, usimwambie baba yako," aliniambia.

Nilidhani tunaojua ni mimi tu na Mama Halima, jirani yetu, mke wa mfugaji wa Kiorma. Naye alikuwa mjamzito, na Mama alimgawia.

Kisha akaja Nyambura, mtaalamu wa mawe kutoka Nairobi. Madereva wa malori walikuwa wamelitaja lile vumbi la manjano, habari zikamfikia. Kijiji kizima kilienda kumtazama. Alivaa glavu na barakoa, akalichungulia vumbi kwa kioo cha kukuzia, kisha akatoa mashine ndogo ya kupima mionzi. Kwenye changarawe ililia tik, ikapumzika, ikalia tik. Kwenye vumbi la manjano ikarukaruka kama mahindi yanayokaangwa.

"Inaelekea ni kanotaiti," alisema, na macho yake juu ya barakoa yalicheka kama ya mtoto siku ya sikukuu. "Madini adimu, yana urani ndani yake. Maabara itathibitisha."

Aliyapangusa kwa brashi laini hadi ndani ya chupa, chupa akaitia kwenye sanduku la chuma. Wanaume walishaanza kugawana utajiri. Baba alikuwa akichagua rangi ya mabati ya nyumba mpya. Ndipo Nyambura akaona alama za kisu ukutani.

"Nani anachokoa hapa?"

Watu wakageuka kuziangalia alama zile.

"Kusimama hapa hakutawaua," alisema. "Lakini vumbi hili likiingia mwilini linaharibu figo. Kuna mtu aliyekula udongo huu?"

"Kwani sisi kuku?" akauliza Komora, fundi wa baiskeli, na watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, ili nisijulikane.

Nyambura alifunga sanduku. Mama akainua mkono.

"Mimi nimekula."

Kicheko kilikatika, kisha kikarudi kwa nguvu zaidi. Watoto wa darasa langu walianza kulia kama kuku. Baba alimtazama Mama, akauliza kwa sauti ya mtu aliyepigwa, "Kwani mimi sikulishi?" Hakungoja jibu, akaondoka. Nilijificha nyuma ya mwanamke nisiyemjua vizuri, nikiomba lile shimo litufukie sote.

Nyambura hakucheka. "Uliobaki uko wapi, mama?"

"Jikoni. Wa manjano nilikuwa naukwangua, natupa."

Tulikwenda nyumbani, umati nyuma yetu. Mashine ilipokaribia kikapu cha udongo jikoni ilikaanga mahindi yale yale, na mahali pale hakucheka mtu tena.

"Aliyechimba ni mimi," Mama alisema. "Lakini sikula peke yangu." Hakumtaja mtu.

Mkono wa Mama Halima ukatoka chini ya mtandio wake. Ukafuata wa mwanamke mwingine, na mwingine, na mke wa Komora, ambaye aliinua wake huku akimtazama mumewe usoni.

Walipelekwa hospitali Malindi. Mama aliambiwa aache, anywe maji mengi. Mdogo wangu alizaliwa mzima na mwenye kelele. Figo za Mama Halima zilikutwa dhaifu. Daktari hakuweza kuapa kwamba ni udongo, ila alisema wangechelewa wangempoteza, yeye na mimba yake. Shimo lilifukiwa, na mabati hayakuja.

Shuleni niliitwa mtoto wa kuku hadi nilipohama darasa. Mama akinichukua sokoni, nilitembea mbali nyuma yake.

Nilipopata mimba yangu ya kwanza ndipo nilipomwuliza. Alikuwa uani akimenya kunde. Kwa nini hakumfuata Nyambura baadaye, akamnong'oneza?

"Baadaye gani? Alishafunga sanduku, anaondoka," alisema. "Na Mama Halima alikuwa amenikazia macho, tumbo lake kubwa kuliko langu. Mimi ndiye niliyempa."

Akaendelea kumenya. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia. Siku ile nilisimama hatua chache kutoka kwa Mama Halima, na sikuyaona macho yake. Nilikuwa nimeshughulika kuwatazama waliokuwa wakicheka.