Siku Mbili na Bwana Luqmani

Safina alikuwa na pua isiyosamehe. Mteja akimletea gauni la kupunguza kiuno, alijua kabla hajaligusa kama limefuliwa au limenyunyiziwa manukato juu ya jasho. Alishona nguo katika chumba cha mbele, Bunda mjini, akalala chumba cha nyuma, na tangu aachike hakuwa na wa kumsemesha asubuhi. Waliomjua walisema ana kinyaa mno, ndiyo maana hana mume. Mwenyewe alishaanza kuyaamini maneno hayo. Arobaini alikuwa ameipita, na jioni zilikuwa ndefu.

Kwa hiyo dada yake mkubwa, Hasna, alipompigia simu kutoka Bweri, Musoma mjini, hakubisha sana.

"Njoo wikiendi hii uione Musoma," Hasna alisema. "Wewe Musoma unaijua hospitali na duka la vitambaa basi. Kuna upepo huku, kuna ziwa, watu wanakaa wanakula raha."

"Na huyo mwanaume anaitwa nani?"

"Luqmani. Rafiki wa shemeji yako Jumanne. Amefiwa na mke mwaka juzi, anauza dagaa, ana gari. Mtu wa swala tano. Sasa usije na hiyo pua yako."

Safina alijishonea gauni la zambarau lenye mikono mirefu, na Jumamosi asubuhi alikuwa Bweri, sebuleni kwa dada yake, ameketi kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina.

Luqmani alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Alingoja nje ya mlango hadi akaribishwe. Alimsalimia Hasna kwa heshima, akamwuliza hali ya watoto mmoja mmoja, kisha akamgeukia Safina na kusema kwa sauti ya chini, "Habari zako nimezisikia siku nyingi. Karibu Musoma." Safina alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli. Aliwaza kwamba pengine dada yake safari hii amepatia.

Hasna alimsukuma akae kiti cha mbele. Gari lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, na kwenye kioo kilining'inia kikopo cha manukato ya limau. Chini ya limau ile kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya kitu kilichowahi kuwa samaki.

"Ni biashara hiyo," Luqmani alisema, maana alimwona akifungua kioo. "Utaizoea."

Kabla hawajatoka Bweri alivuta kohozi kutoka mbali, akalizungusha mdomoni kama mtu anayelifikiria, akalitema dirishani. Upepo ukalirudisha, likatua kwenye kioo cha nyuma, pale alipokaa Hasna. Hasna aliangalia upande mwingine. Safina alilitazama likishuka taratibu kwenye kioo. Akajiambia kwamba mtu haachwi kwa kohozi.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri. Jua lilikuwa limetanda, na kila barabara waliyoifuata ilikwenda kuishia kwenye maji, kwa kuwa Musoma imeingia ziwani kama mguu wa mtu aliyelala. Walipita Mukendo penye maduka, wakashuka hadi Mwigobero kuangalia kivuko kikipakia watu wanaovuka kwenda Kinesi, baiskeli, magodoro na kuku. Luqmani alijua majina ya watu wengi. Alieleza vizuri upepo unavyogeuka mchana, na kwa nini mitumbwi ya dagaa hailali nje mwezi ukiwa mkubwa. Safina alimsikiliza akasahau kohozi.

Halafu wakaenda kula.

Mahali penyewe palikuwa ufukweni, meza za plastiki chini ya vibanda vya makuti, na maji yakipiga mawe karibu kabisa. Luqmani aliagiza sato wazima watatu wa kukaanga na ugali. Msichana wa pale, aliyeitwa Recho, alileta maji ya kunawa. Luqmani alilowesha ncha za vidole tu, akaanza. Alikula akiongea. Kila neno lilitoka na kipande. Alinyonya kichwa cha samaki mpaka kikalia, akatoa mwiba katikati ya meno, akautazama kwenye mwanga, akaurudisha kinywani kuchokolea jino lingine.

Recho alipoinama kuweka ndimu, Luqmani alishika pindo la aproni yake akajifutia mafuta ya vidole, kidole kwa kidole.

"Si ndiyo kazi yake hii?" alisema akicheka.

Recho hakucheka. Aliliangalia doa, akaangalia ziwani, akaondoka.

"Kaka Luqmani," Safina alisema, "maji ya kunawa yapo."

"Wasichana hawa wamezoea." Hapo alidokoa jicho la sato wake kwa ukucha wa kidole gumba, akalilamba mafuta yaliyokuwa yanadondoka, akaliweka juu ya ugali wa Safina. "Jicho la mgeni hilo. Kula, usiniaibishe."

Jicho lilikaa pale, jeupe, linang'aa kwa mate. Hasna alimkanyaga Safina mguu chini ya meza. Safina akalificha ndani ya tonge, akalimeza bila kutafuna, na alilihisi likishuka njia nzima.

Jioni, wakiosha vyombo uani Bweri, alimwambia dada yake kwamba hawezi.

"Huwezi nini?" Hasna aliuliza. "Amekutukana? Amekushika?"

"Ananichefua, dada."

"Wanaume wote wanachefuaga. Jumanne anakata kucha za miguu juu ya kitanda, nimefanyaje? Nimefagia." Hasna alikung'uta sufuria. "Yule mumeo Hashimu ulituambia anaoga mara tatu kwa siku, ukamsifia, akakuacha akiwa msafi hivyohivyo. Twende kesho Butiama, umwangalie tena kwa akili, si kwa pua."

Maneno kuhusu Hashimu yalimwingia. Safina alilala akiamini kwamba kasoro ni yake.

Jumapili walikwenda Butiama. Barabara ilipanda kwenye hewa ya ubaridi, ikapita mashamba ya mihogo na mawe makubwa yaliyopandana. Kwenye makumbusho ya Baba wa Taifa kulikuwa na utulivu ambao Safina aliupenda mara moja: miti, ua uliofagiwa, na mwongozaji, kijana mpole aitwaye Werema, aliyezungumza kama aliye nyumbani kwa mzee wake. Safina angetaka kukaa pale mpaka alasiri. Lakini walipofika penye makaburi, simu ya Luqmani ililia, naye akaipokea kwa sauti kubwa.

"Wale walionyeshewa siku tatu?" alisema. "Wana funza? Kidogo tu? Sasa hao ni chakula cha kuku, mlipe bei ya kuku. Mwambie Marcelina atandaze upya, nakuja."

Werema aliacha kuongea, akasubiri. Wageni wengine nao wakasubiri. Luqmani alipomaliza, alitema mate kwenye nyasi, akasema, "Endelea, kijana." Safina alimwangalia Werema akitafuta mahali alipoishia, akaona haya kana kwamba mate yale yalitoka kinywani mwake yeye.

Njiani kumrudisha Safina Bunda, Luqmani alikuwa mchangamfu. "Nataka nikuonyeshe kitu," alisema. "Nimekuonyesha mji, sasa nikuonyeshe maisha."

Alikata kona kuelekea ziwani, maeneo ya Guta, hadi kwenye ghala la bati lililokuwa peke yake karibu na ufukwe. Harufu iliwafikia kabla ya gari kusimama. Iliingia puani, ikashuka kooni, ikakaa kwenye ulimi kama kitu cha kutafunwa. Hasna alijifunika mtandio usoni, akabaki garini. Safina alishuka.

Nje, kwenye maturubai, dagaa walikuwa wametandazwa kama matope. Mvua ilikuwa imewapata wakaoza, wakashikana, na sasa jua lilikuwa linawakausha kwa nguvu. Sehemu nyingine rundo lilitikisika lenyewe, kwa sababu ya funza. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyefunga kitenge kiunoni, alikuwa anawageuza kwa reki. Mikono yake ilikuwa na vipele mpaka kwenye viwiko.

"Huyu ndiye Marcelina," Luqmani alisema. "Marcelina, msalimie mama yako mpya."

"Shikamoo, mama," alisema Marcelina, ingawa wazi yeye ndiye alikuwa mkubwa.

"Marahaba si yangu, dada," Safina alisema. "Hawa ni wa kuku?"

Luqmani alicheka. "Nimewanunua wa kuku. Wakikauka tunawachekecha, funza wanabaki chini. Tunawachanganya na wazuri wachache juu ya gunia, tunapeleka shule ya bweni, huku huku Bunda. Wanafunzi wale hawajui. Wana njaa wale, wanakulaga chochote." Alimsogelea, sauti ikawa ile ya chini, ya Jumamosi asubuhi. "Marehemu mke wangu ndiye alikuwa anasimamia hapa. Tangu aondoke wananiibia. Nimekuangalia siku hizi mbili, wewe ni mwanamke wa kunyamaza na kuangalia. Nataka usimamie wewe."

Ilimchukua Safina muda kidogo kuelewa kwamba anaposwa.

Luqmani alichota dagaa kiganjani, akawapuliza, akawatupia mdomoni. Akatafuna. "Onja. Wakishakauka hawana neno." Alipotabasamu, kichwa kimoja kidogo chenye jicho kilikuwa kimeganda kwenye fizi yake.

Safina alitapika. Hakupata nafasi ya kugeuka. Chai, maandazi na chakula cha mchana vilimtoka kwa kishindo, vikaangukia pembe ya turubai, juu ya dagaa. Aliinama akishika magoti, machozi yakimtoka, akasubiri tumbo litulie. Pamoja na yote alisikia aibu, akafungua kinywa kuomba radhi.

"Haina shida," Luqmani alisema, mpole kabisa. "Marcelina, geuza hapo. Jua litakausha."

Marcelina hakusogea.

"Geuza, nimesema. Changanya na hizo za katikati."

Marcelina alimwangalia Safina, akasukuma reki. Matapishi yakazama ndani ya dagaa, yasionekane tena.

Safina alijifuta mdomo kwa mkono wa gauni lake jipya. Maneno ya kuomba radhi yalikuwa yameondoka.

"Hao utawapeleka shule?"

"Mbona unauliza kama mtoto?"

"Mimi nisingempa mbwa," Safina alisema. "Na wewe usinipigie simu."

Alipita kando ya gari. Hasna alimwita mara mbili, ya pili kwa ukali, lakini Safina aliendelea kutembea mpaka barabarani, akapata bodaboda, akaenda Bunda akiwa ameziba pua ingawa harufu ilikuwa imebaki nyuma. Alioga, akaoga tena. Gauni la zambarau alilichoma uani.

Luqmani hakukaa kimya. Alieneza Musoma nzima kwamba yule mwanamke wa Bunda alitapika kwa sababu ana mimba ya mtu, na kwamba Mungu amemwepusha naye. Jumanne aliyaamini. Hasna hakuyaamini, lakini hakuyakanusha, na kwa wiki nyingi hakupiga simu.

Safina alikwenda kwa afisa afya. Huyo alimsikiliza, akaenda Guta na wenzake, wakakuta ghala limefagiwa na maturubai yameoshwa. Luqmani aliwapokea na kanzu yake, akawakaribisha soda. "Mama, hatukuona kitu," afisa alimwambia Safina. Alikuwa mtu mzuri tu, na hilo lilimchosha zaidi.

Akarudi kwenye cherehani. Dagaa hakuweza kuwala tena, na sokoni alizunguka mbali kuwakwepa. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa turubai lile. Akiwa anapiga pindo, ghafla alikuwa anaona reki ikipita.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama mmoja aitwaye Wegesa alimleta binti yake kupimwa sketi. Safina aliitambua sare ile: ni ya shule ya bweni. Alipitisha futi kiunoni mwa mtoto, mifupa ikamgusa vidole.

"Mnakula nini huko?" aliuliza.

"Ugali na maharage. Siku za Jumanne na Ijumaa ni dagaa."

"Dagaa zikoje?"

Mtoto alimwangalia mama yake kwanza. "Zinanukaga. Tunaziba pua tunameza. Wengine wanaharishaga, matroni anasema ni maji."

Safina aliweka futi mezani. Alimwambia Wegesa yote, pamoja na matapishi yake, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata afisa afya, kwa aibu. Wegesa alisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukikunjamana, kisha akatoka nje kutema mate.

Siku shule ilipofunguliwa, Wegesa alikwenda huko na wazazi wengine, kundi zima, na Safina akiwa katikati yao. Walimtaka mkuu wa shule afungue stoo mbele yao. Magunia yalipasuliwa hadi chini, na walichokiona chini kilifanya baba mmoja aondoke kwenda kusimama jua lilipo. Mkuu wa shule alikuwa mgeni pale, hakubishana. Magunia yalichomwa nyuma ya jiko mchana ule ule, na moshi wake ulinuka mpaka barabarani.

Luqmani hakufungwa. Kwa habari alizozisikia Safina, alihamishia mzigo upande mwingine wa ziwa, na kabla ya Ramadhani alioa. Hasna ndiye aliyeleta habari hiyo, siku alipokuja Bunda bila kutangaza, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mke wake ni binti mdogo," Hasna alisema. "Nilikuwepo kwenye walima. Luqmani alimlisha kwa mkono wake mbele za watu."

Safina aliacha kukanyaga cherehani. "Ukafanyaje?"

"Nikasema naumwa kichwa, nikatoka." Hasna alichezea pindo la mtandio. "Sikula, mdogo wangu. Sijui kama nitakulaga tena nyumba ya mtu."

Safina alikwenda nyuma, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaanza kumpikia dada yake chai.