Msiba wa Bendera

Dawa ya nondo ikinipiga puani, hata dukani kwa mtu hapa mjini Kizwite, sijiwezi: narudi kijijini Mwimbi, kwenye sanduku la bati la bibi yangu mzaa baba. Chini kabisa, chini ya kanga zake za kanisani, ilikuwapo bendera. Si hii yetu. Ilikuwa na milia mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu, na katikati ndege mweusi aliyefifia hadi akafanana na kuku aliyenyeshewa. Wajukuu tulimcheka sana. Bibi alisema tu ni ya askari wa Wajerumani waliokuwa na boma kule ziwani, basi.

Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na cheo kilikuwa kimempanda kichwani. Tulipotoa vitu nje ili nyumba iezekwe upya, aliiona bendera, akafoka. Kitambaa cha wenye viboko, nyumbani kwa mama wa mwenyekiti! Akatangaza itachomwa uwanjani sikukuu ya Uhuru. Nami nilimuunga mkono kwa moyo wote, maana mwalimu alitueleza kuwa ndege yule ndiye ufalme wao, na kucha zake ndizo zilizotushika.

Asubuhi ya sikukuu akaja na vijana na kiberiti. Bibi alikuwa ameshatandika mkeka uani, bendera juu yake, naye kando, miguu ameinyoosha. Alipowaona akaangua kilio cha msiba, akimwita mtu tusiyemjua: Sikazwe, Sikazwe.

Sasa kwetu kilio cha msiba hakiulizwi. Ukikisikia unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakwenda. Maswali ni ukishaketi. Wanawake wakamiminika, wakalia kwanza. Vijana wakavua kofia, wakakaa chini. Na mwenyekiti angesimamaje msibani na kiberiti mkononi? Akakaa.

Ndipo bibi akasimulia. Baba yake, pamoja na mdogo wa baba huyo, ndiye Sikazwe, walikamatwa na Wajerumani wawabebee mizigo ya vita. Bendera ilikuwa kwenye mzigo wa Sikazwe. Homa ilipomuua njiani, kaka yake alimfunika nayo hadi asubuhi. Askari wakaivuta, wakaamuru azikwe bila hata kitambaa. Askari walipotawanyika, kaka aliiba bendera akaja nayo nyumbani, kwa kuwa mtu akifia mbali, nguo yake huzikwa nyumbani badala ya mwili. Wazee wakakataa. Kitambaa cha waliomuua hakililiwi, walisema. Sikazwe akabaki hivyo, hajaliliwa wala hana kaburi.

"Baba aliniachia msiba huu," bibi alimwambia mwanawe. "Hii ndiyo nguo pekee iliyomgusa akiwa maiti. Choma, kama babu yako ni wa kuchomwa."

Baba mkubwa alitia kiberiti mfukoni. Kisha akaomba jembe. Vijana walitaka kumsaidia, akawakatalia, akachimba mwenyewe kwenye makaburi ya ukoo, udongo ukiwa laini kwa mvua, akaizika.

Mimi nilinuna siku nzima. Niliona ndege ameponyoka, tena ameliliwa kama mtu. Ni utu uzimani nilipokuja kuelewa kuwa bibi hakuitetea bendera ile hata kidogo. Walioishona walitaka tuiogope. Yeye aliigeuza sanda. Muda wote ule, kwa ukaidi wake, alikuwa anamtua Sikazwe mzigo wao.