Moja Kwanza

Dada wa kompyuta pale Kyela mjini hajibu maswali mawili kwa mpigo. Huinua kidole: “Moja kwanza.” Mimi kimenikera mara nyingi kidole hicho.

Jumanne ukurasa wake wa vibali vya mazao uliganda. Aliuandika mwenyewe, uulize ofisi ya Mbeya kila sekunde tano kama kibali kimetoka, na maswali yakarundikana kwenye laini ya simu. Mama Ikupa, mteja aliyengoja kibali, ndizi zake zikiiva ndani ya lori mpakani, akamsihi azime mashine. Hakuzima. Alifuta mstari, akaandika mwingine: jibu likifika, ndipo swali jingine litoke. Tukasubiri.

“Kimetoka? Dereva avuke?” Mama Ikupa akauliza.

Kidole kikapanda. Akasoma skrini hadi mwisho.

“Kimetoka. Haya, la pili?”

Mama Ikupa alishafika barabarani, akipaza sauti kushukuru kwa Kinyakyusa: “Ndaga, mwanangu! Ndaga!”