Mashimo Tisa ya Elle-Risten

Elle-Risten alikuwa mtu wa kuchimba mashimo. Hakuna namna ya kuipamba kazi hiyo. Chuo cha mjini kilimpa mshahara, vipimajoto na daftari zisizolowa maji, naye kwa majira sita ya baridi akawa anarudi kwao Guovdageaidnu, nchi ya wafugaji kaskazini ya mbali, anachimba theluji mpaka anagusa ardhi, kisha anapiga magoti shimoni na kupima kina, ugumu na ubaridi wa kila tabaka. Alitaka kujua mvua hizi za Januari, ambazo bibi yake hakuzijua kabisa, zinaifanya nini theluji. Mvua ikinyesha juu ya theluji na baridi kali ikarudi, chini hugeuka barafu, na reinda, hao kulungu wanaofugwa kwao, hawawezi kuchimba wakayafikia malisho yao, mimea myeupe kama ukoga itambaayo ardhini. Wanakufa njaa wamesimama juu ya chakula. Wanaosema utafiti ni kazi ya wavivu waje wapige magoti pale siku moja, halafu tuongee.

Jumatatu moja ya Februari alisimama ndani ya hema la mjomba wake, Ánte, mbele ya wafugaji wote wanaochunga pamoja, akasema bila kumung'unya maneno, "Mteremko wa mashariki umefunga. Nimechimba mashimo tisa, yote magumu mpaka chini."

Heaika, jirani mwenye mdomo, alidumbukiza kipande cha jibini kwenye kahawa yake, kama wanywavyo kwao. "Daktari wa theluji kashasema. Sisi na fimbo zetu tukalale."

"Kalale tu," Elle-Risten akamjibu. "Ila usiwaache reinda wako pale, utaamka huna kitu."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja alielewa kinachofuata. Kama mashariki kumefunga, itabidi mifugo ivushwe juu ya ziwa kwenda ng'ambo, na barafu ya ziwa mwaka ule ilikuwa nyembamba, si ya kuiamini. Tena majike wa mjomba Ánte karibu wote walikuwa na mimba. Mzee alimtazama mpwa wake kitambo, akafungua mdomo, akaufunga.

"Basi," akasema baadaye. "Alhamisi tunavuka."

Jumatano mchana Elle-Risten alirudi mteremkoni kuchimba shimo la kumi, kwa kuwa chuo kilitaka mashimo kumi kwenye mstari mmoja. Alipokuwa anasawazisha ukuta wa shimo kwa beleshi, akaona vidonge vyeusi katikati ya theluji. Akakitwaa kimoja kwa vidole. Kilikuwa kinyesi cha reinda, kimeganda.

Akakigeuza kiganjani, akaelewa. Kinyesi katikati ya theluji maana yake kundi lilishapita hapo mwanzoni mwa baridi, likachimba, likala, likaondoka, kisha theluji mpya ikafunika kila kitu pakawa tambarare. Na theluji iliyochimbuliwa na kwato hukaza kama saruji, mnyama hapagusi tena mpaka masika. Mtoto yeyote wa kwao analijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua kabla hajajua kusoma! Lakini miaka ya mjini ilimzoesha kutazama namba, na namba zilikuwa nzuri, zimenyooka. Mvua ya Januari haikuhusika. Alikuwa amepima mahali palipokwisha kuliwa, akawaambia watu nchi imefunga.

Akawasha pikipiki yake ya theluji, akavuka kilima mpaka mahali ambapo hapakuwa na dalili ya mnyama. Akachimba mashimo matatu mbiombio. Chini kulikuwa na theluji ya punje punje kama sukari, na utando wa barafu uliovunjika alipougonga kwa ngumi. Malisho yalikuwepo tele. Akaketi mle shimoni akalia kidogo, wala si kwa furaha, kwa kuwa alikwisha kuuona akilini uso wa Heaika.

Na kweli alimkuta huyohuyo hemani kwa mjomba, na wenzake, wanafunga mizigo ya kesho.

"Nilikosea," akasema, hata glavu hajavua. "Nimechimba pale palipoliwa. Kinyesi kilikuwepo, sikukitafuta. Nyuma ya kilima chakula kipo. Msivuke."

Wote waliacha kufunga mizigo. Kwao mtu mzima hasahihishwi mbele za watu, na anayejisahihisha mwenyewe namna ile ni nadra kumwona.

Heaika aliuliza taratibu, "Sasa daktari, tumwamini wa leo au wa Jumatatu?"

"Wa leo. Usiponiamini, beleshi hilo hapo. Twende ukachimbe mwenyewe."

Wakaenda. Heaika akachimba, akainama, akang'oa konzi ya malisho meupe, akayanusa, akampitishia Ánte. Hakusema neno, na kwa Heaika huko ndiko kuomba radhi. Safari ya ziwani ikavunjwa palepale.

Wengine walipoondoka, mjomba Ánte alibaki anakung'uta theluji magotini. Elle-Risten akamsogelea. Kuna jambo lilikuwa linamkereketa tangu alipokiona kile kinyesi.

"Mjomba, kundi lililokula kule mteremkoni lilikuwa la nani?"

"Langu. Nililipitisha pale peke yangu, kabla hatujaunganisha mifugo."

"Kwa hiyo ulijua. Tangu Jumatatu ulijua."

"Nilijua ulikochimba. Nikajiambia labda vyombo vyako vimeona nisichokiona mimi." Akakung'uta goti jingine. "Halafu nikajua havijaona kitu."

"Na ungevuka hivyohivyo? Na majike wote wale?"

"Ulishasema mbele ya Heaika, mpwa wangu. Ningekufanyaje mwongo mbele yake? Reinda watazaliwa wengine."

Elle-Risten alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumpiga. Alimshika mkono wa koti, akauvuta kama anayemwamsha mtu usingizini.

"Siku nyingine niumbue, mjomba. Mbele ya yeyote yule. Umenisikia?"

Mzee alivaa glavu zake, moja, kisha ya pili, bila haraka.

"Nitajaribu," akasema.